Kifaa cha mezani cha kupima kuyeyuka: kizuri kwa asidi ya benzoiki, kigeugeu kwa sukari

Ukiulizia kifaa cha kupima kiwango cha kuyeyuka kwenye maduka ya vifaa vya maabara Arusha au Moshi, utaonyeshwa moja kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni bomba la Thiele, lile la kioo lenye mkono wa pembeni, linalojazwa mafuta na kupashwa moto. Cha pili ni kisanduku cha mezani chenye bloku ya alumini, matundu matatu ya kapilari (vibomba vyembamba vya kioo vya kuwekea unga unaopimwa), lenzi, taa ndogo ya LED na skrini ya namba. Cha tatu ni mashine inayojipimia yenyewe, ambayo mara nyingi haipo rafuni; ipo kwenye katalogi na inaagizwa. Tathmini hii ni ya kile cha pili, kwa sababu ndicho kinachoendana na mifuko ya vyuo vya famasia, shule zenye kidato cha tano na sita, na watengenezaji wadogo wa vipodozi wanaotaka kuhakiki malighafi.

Jibu fupi: kinunue kama vitu unavyopima vinayeyuka bila kuharibika, chini ya nyuzi 250 hivi. Hapo kinafanya kazi safi, na kwa haraka kuliko bomba la mafuta. Kwa vitu vinavyovunjika kabla ya kuyeyuka au wakati wa kuyeyuka, bado kina faida, ila faida yake ni dirisha la kuchungulia tu. Namba iliyoko kwenye skrini ni joto la bloku. Skrini haijui kinachotokea ndani ya kapilari. Anayejua ni wewe uliyeinamia lenzi.

Kabla hujalipa

Kiwashwe hapo hapo kaunta, usikubali kuonyeshwa boksi tu. Geuza nyuma uangalie kama kuna swichi ya kuchagua volti. Vifaa vilivyotumika vinavyoingia kutoka Marekani huwa vimewekwa kwenye 115, na umeme wetu ni 230. Volti zikiwa maradufu, nguvu inayoingia kwenye hita inakuwa mara nne, na ukiwa na bahati itakayokatika ni fyuzi peke yake.

Chungulia kwenye lenzi kabla hakijapata moto, ukiwa umeweka kapilari tatu tupu. Kwenye vifaa vya bei ya chini ni kawaida kuona tundu la katikati vizuri na yale ya pembeni kwa ukungu. Kama huwezi kuona kingo za kapilari zote tatu bila kusogeza kichwa, huna kifaa cha matundu matatu; una cha tundu moja na mapambo mawili.

Kisha uliza kinavyopandisha joto. Hapa ndipo bei mbili tofauti zinapojieleza. Aina nzuri ina kidhibiti joto: unaweka joto la kuanzia, unaweka mwendo wa kupanda kwa dakika, na chenyewe kinarekebisha. Aina ya rahisi ina kitasa chenye namba 1 hadi 10 zisizo na kipimo chochote, ambacho kinaongeza au kupunguza umeme unaokwenda kwenye hita. Kitasa hicho kinategemea umeme wa TANESCO wa saa hiyo. Volti zikishuka kwa asilimia 10, nguvu ya hita inashuka kwa asilimia 19, na mwendo ulioupata asubuhi hautaupata jioni mtaa mzima ukiwa umewasha majiko. Ukilazimika kununua cha kitasa, nunua na stabilaiza. Vyote viwili vinatumia umeme mdogo, kwa hiyo UPS ya kompyuta inatosha kumalizia kipimo umeme ukikatika.

Jambo la mwisho la kuuliza ni mwendo wa chini kabisa. Famakopia, yaani vitabu rasmi vya viwango vya dawa, zinataka joto lipande kwa nyuzi 1 hivi kwa dakika kwenye eneo la kuyeyuka. Kuna vifaa ambavyo haviwezi kwenda chini ya nyuzi 2. Kwa mazoezi ya wanafunzi si mbaya, kwa ripoti ya dawa hapana.

Na kama duka hilo hilo ndilo litakalokuuzia kemikali za kupimia, lazima liwe limesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya 2003. Omba kuona cheti, si aibu.

Kapilari na namna ya kuzijaza

Makosa mengi yanayotupiwa kifaa ni ya kapilari. Inayofaa ina kipenyo cha ndani cha milimita 1 hivi (0.8 hadi 1.2), urefu wa sentimita 10, na imezibwa upande mmoja. Zikiwa zimekuja wazi pande zote, ziba mwenyewe: ingiza ncha kwenye ukingo wa mwali wa bluu, izungushe taratibu, itoe mara tu kioo kinapojifunga. Ukizidisha, kunatokea kifundo kinene ambacho hakiingii kwenye tundu. Hapo ndipo mtu anapoisukuma kwa nguvu, inakatikia ndani, na kifaa kinakaa kabatini mwaka mzima. Kapilari isiyoingia kwa uzito wa kidole tu, itupe. Iliyokatikia ndani itolewe bloku ikiwa baridi, kifaa kikiwa kimegeuzwa na kugongwagongwa taratibu kwenye kiganja, au kwa waya mwembamba laini. Kamwe usitumie maji.

Unga lazima uwe mkavu na laini. Wakati wa masika, yurea na asidi ya sitriki zikikaa wazi juu ya meza zinavuta unyevu, na unyevu unafanya kama uchafu wowote: unashusha kiwango cha kuyeyuka na kukitanua. Saga kwenye kinu kidogo, weka usiku mmoja kwenye desiketa (chombo cha kukaushia chenye mfuniko) yenye silika jeli. Ikiwa jeli ya bluu imegeuka waridi, haikaushi kitu. Irudishe kwenye oveni nyuzi 120 mpaka rangi irudi.

Chovya mdomo wa kapilari kwenye unga, igeuze, kisha iachie idondoke ndani ya bomba refu la kioo, nusu mita hivi, lililosimama juu ya meza. Ikidunda mara kadhaa, unga unashuka na kujipanga chini bila nafasi za hewa. Kimo kinachotakiwa ni milimita 3. Ukijaza milimita 8, sehemu ya juu itapata joto ikiwa imechelewa, na utaandika kwamba dutu yako imeyeyuka kwa upana wa nyuzi 5 wakati yenyewe haina tatizo lolote.

Mwendo wa joto

Sensa imo ndani ya alumini, na unga umo ndani ya kioo. Alumini inatangulia, unga unafuata. Ukipandisha kwa nyuzi 10 kwa dakika, kristali zinapoanza kuloana skrini imeshapita mbele, na asidi ya benzoiki ya nyuzi 122 inaweza kusomeka 125 au 126. Kwa hiyo kuna mizunguko miwili. Wa kwanza ni wa mbio, wa kujua eneo. Wa pili, acha bloku ipoe hadi nyuzi 20 chini ya eneo hilo, weka kapilari mpya, panda kwa nyuzi 1.

Kapilari mpya ni sharti. Iliyokwisha kuyeyuka huenda imeharibika kiasi, au imeganda kwa umbo jingine la kristali. Parasetamoli ni mfano mzuri: umbo la kawaida linayeyuka karibu na nyuzi 169, na lipo umbo la pili linaloyeyuka karibu na 157. Ukirudia kapilari ile ile unaweza kupata namba mbili za haki kutoka chupa moja, ukaanza kumlaumu muuzaji.

Kupoa ndiko kunakochosha. Vifaa visivyo na feni vinachukua zaidi ya robo saa kushuka kutoka 240 hadi 100. Usiweke kitambaa kibichi juu ya bloku kuharakisha; lenzi inapasuka, na mvuke unaingia kwenye nyaya. Ukiwa na darasa zima linalosubiri, feni ni kitu cha kulipia.

Andika namba mbili, si moja: joto lililoonyesha tone la kwanza la majimaji, na joto ambalo kristali ya mwisho imetoweka. Kabla ya hapo utaona unga unasinyaa na kujivuta kutoka kwenye ukuta wa kioo. Huko si kuyeyuka, na ni hapo wanafunzi wengi wanapowahi kuandika. Dutu safi inamaliza safari hiyo ndani ya nyuzi 1, ikizidi sana 2. Famakopia ya Ulaya inahesabu ile namba ya mwisho, kwa hiyo kama unalinganisha na cheti cha malighafi, angalia kwanza kimeandikwa kwa kanuni ipi.

Matundu matatu yana kazi yake kamili kwenye kipimo cha mchanganyiko. Asidi ya sinamiki inayeyuka nyuzi 133, yurea nayo 133. Ukipewa unga mweupe usio na lebo ukapata 133, hujajua chochote bado. Weka tundu la kwanza unga wako, la pili yurea safi, la tatu mchanganyiko wa vyote viwili nusu kwa nusu, uliosagwa pamoja. Kama ni kitu kimoja, kapilari zote tatu zinayeyuka pamoja. Kama ni tofauti, ile ya tatu inaporomoka mapema, kwa jozi hii hata kufika karibu na nyuzi 100, huku mbili nyingine zikiwa bado kavu. Kwenye bomba la Thiele jambo hili linawezekana kwa kufunga kapilari tatu kwenye kipimajoto kimoja kwa mpira, lakini ni kazi ya kubana pumzi.

Usawazishaji, na maji ya Arusha

Kuna desturi ya kuhakiki vipimajoto kwa maji yanayochemka: kikionyesha 100, kizuri. Kwa Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 95. Moshi, iliyo chini zaidi, ni karibu na 97. Kipimajoto kinachosoma 100 kwenye sufuria inayochemka Arusha ndicho kibovu. Barafu inayoyeyuka haina tatizo hilo, ni 0 kote, kwa kuwa mgandamizo wa hewa hausogezi kiwango cha kuyeyuka kwa kiasi cha kuonekana. Kwa sababu hiyo hiyo, namba za kuyeyuka kwenye vitabu vilivyoandikwa Ulaya zinatumika hapa bila marekebisho, wakati namba za kuchemka hazitumiki.

Bloku yenyewe isawazishwe kwa dutu zinazojulikana. Vanilini nyuzi 83, asetanilaidi 115 hadi 116, asidi ya benzoiki 122.4, asidi ya salisiliki 159 hivi, kafeini 236. Tatu kati ya hizo zinatosha, mradi zisambae kutoka chini hadi juu. Chora grafu ya namba ya skrini dhidi ya namba ya kweli. Tofauti ikiwa ile ile kila mahali, ni suala la kurekebisha kwenye menyu. Ikiwa inakua kadiri joto linavyopanda, nusu nyuzi kwa vanilini na nyuzi 3 kwa kafeini, mwambie fundi aangalie kama sensa imekaa vizuri kwenye shimo lake.

Tahadhari moja ya dukani: asidi ya benzoiki na benzoeti ya sodiamu hukaa rafu moja, zote nyeupe, na wauzaji wa malighafi za juisi na vipodozi wanaziita zote "benzoeti". Ile ya sodiamu haiyeyuki ndani ya uwezo wa kifaa hiki. Ukikaa mpaka 300 unga ukiwa haujatikisika, umeuziwa chumvi, kifaa ni kizima.

Vinavyovunjika

Hapa ndipo kifaa kinapoonyesha upungufu wake, na ndipo inapofaa kukaa zaidi.

Kuyeyuka ni mpaka: upande huu kigumu, upande ule kimiminika, na mpaka hausogei ukienda haraka au taratibu. Kuvunjika ni mwendo. Kunaanza polepole kwenye joto la chini na kushika kasi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo kinachohesabika ni joto pamoja na muda. Kipande cha molekuli kilichovunjika ni uchafu ndani ya zile nzima, na uchafu unashusha kiwango cha kuyeyuka. Matokeo yake, dutu ya namna hii ukiipasha taratibu unapata namba ya chini, ukiipasha haraka unapata ya juu, na namba zote mbili umezipima kwa haki.

Sukari ndiyo mwalimu mzuri wa jambo hili. Sukari ya mezani, iwe ya TPC ya hapo Arusha Chini au ya kwingine, ni sukrosi karibu yote, na vitabu vingi vinaipa nyuzi 186. Ila ukikusanya namba zilizochapishwa utazikuta kuanzia 160 hadi 190. Iweke kwenye kapilari, panda nyuzi 1 kwa dakika, usiondoe jicho. Kingo za safu zinaanza kuwa njano ikiwa bado ngumu. Inasinyaa. Rangi inageuka kahawia ya chai ya rangi, majimaji yanatokea pamoja na mapovu, na povu linapanda kwenye kioo na kuacha mstari mweusi. Rudia kwa nyuzi 10 kwa dakika: sasa inayeyuka ikiwa karibu haina rangi, ndipo inaanza kuungua. Skrini imekupa namba mbili tofauti kwa kijiko kimoja cha sukari.

Kwa hiyo namba ya dutu kama hii haiandikwi peke yake. Andika: kilibadilika rangi kwenye nyuzi ngapi, kilitoa mapovu kwenye ngapi, kiliisha kuyeyuka kwenye ngapi, kilianza kupashwa kutoka ngapi, kwa mwendo gani, na neno "huvunjika" pembeni. Ukikosa mwendo, mwenzako wa maabara nyingine hawezi kurudia kipimo chako hata akiwa na kifaa kile kile.

Kuna njia ya kupunguza athari ya muda, na kifaa hiki kinaiweza kama kina kidhibiti joto. Badala ya kuipandisha dutu kutoka chini, tuliza bloku kwenye joto moja, mathalani 180, ndipo uingize kapilari mpya na kutazama kwa sekunde 15. Haikuyeyuka? Panda hadi 182, kapilari mpya. Endelea hivyo mpaka upate joto ambalo inayeyuka mara tu inapoingia. Inakula kapilari nyingi, lakini dutu inakuwa haijapata nafasi ya kuharibika njiani. Famakopia ya Ulaya ina kipimo cha jamaa yake kinachofanyika juu ya bloku ya chuma: unadondosha unga mpaka upate joto la kuyeyuka papo hapo, unaacha bloku ipoe huku ukiendelea kudondosha mpaka unga ukome kuyeyuka papo hapo, unachukua wastani wa joto hizo mbili.

Yurea ina vituko vyake. Inayeyuka vizuri kwenye 133, lakini ukiacha bloku iendelee kupanda, kuanzia 150 na kitu inaanza kutoa mapovu ya amonia, inageuka kuwa biyureti, na mbele zaidi inazaa dutu ngumu nyeupe. Kapilari iliyokuwa na majimaji angavu inaganda tena ikiwa moto. Anayeangalia mara moja moja ataandika kwamba sampuli ina viwango viwili vya kuyeyuka. Yurea ya mbolea kutoka duka la pembejeo haifai kusawazishia, kwa kuwa tayari ina biyureti kidogo na unyevu, na itasoma chini.

Asipirini nayo inabadilika na mwendo, kwenye eneo la 135. Ikiwa chupa ukiifungua inanuka siki, unyevu umeshaivunja kiasi kuwa asidi ya salisiliki na asidi ya asetiki, na utaona inaanza kuloana mapema. Usisage kidonge ukakiweka kwenye kapilari: ndani yake kuna wanga na vijazio ambavyo haviyeyuki, na utabaki na kitu kama uji uliokauka ambacho hakina mwanzo wala mwisho. Dawa itolewe kwanza kwa kiyeyusho, ikristalishwe, ikaushwe.

Kafeini ni zoezi linalopendeza kwenye mkoa wa kahawa, maana malighafi ipo mlangoni. Tatizo lake ni kwamba inaruka kutoka kigumu kwenda mvuke kuanzia 178, wakati inayeyuka 235 hadi 238. Kwenye kapilari iliyo wazi utaona safu inapungua, na sindano nyeupe nyembamba zinajipanga juu, kwenye sehemu ya kioo iliyo nje ya bloku. Ikifika 236 hakuna kilichobaki chini cha kuyeyuka. Dawa ni kuziba kapilari sentimita moja na nusu hivi juu ya unga, kwa kuizungusha mahali hapo kwenye mwali mpaka kioo kijifunge, bila kukata kipande cha juu. Chumba kilichozibwa chote kinakaa ndani ya moto, na kipande cha juu kinabaki kuwa mshikio wa kuitolea.

Mrututu (salfeti ya shaba ya bluu) haupimwi kwa kifaa hiki, ingawa kuna majedwali yanayoupa nyuzi 110. Hiyo si kuyeyuka. Ni maji ya kristali yanayotoka: molekuli mbili kati ya tano karibu na nyuzi 63, mbili nyingine karibu na 109, ya mwisho karibu na 200. Kwenye lenzi utaona bluu inafifia hatua kwa hatua mpaka weupe, na vitone vya maji vinashika kwenye kioo juu. Unga unabaki unga. Inafaa kuonyesha darasani kwa sababu hatua zinaonekana kwa macho, mradi hakuna anayeandika "umeyeyuka".

Usalama kidogo: dutu usiyoijua jina usiifungie kwenye kapilari na kuipeleka nyuzi 300 uso ukiwa kwenye lenzi. Zenye azidi, peroksidi, perkloreti au makundi mengi ya nitro hazipimwi hivi kabisa. Nitrati ya risasi, ambayo hupashwa kwenye mazoezi ya shule, inatoa moshi wa kahawia wenye sumu. Hiyo ni kazi ya bomba la majaribio kwenye kabati la hewa.

Je, mashine ya kujipimia ingesaidia?

Kwa vitu vinavyovunjika, mara nyingi hapana. Aina ya bei nafuu inapitisha mwanga kwenye kapilari na kusubiri mwanga uongezeke, kwa sababu unga unazuia mwanga na kimiminika safi kinaupitisha. Sukari inayogeuka nyeusi inazuia mwanga zaidi, kwa hiyo mashine ama inakaa kimya ama inakamata povu moja na kuliita kuyeyuka. Zile zenye kamera zinazorekodi video ni kitu kingine: unaweza kurudi kuangalia rangi ilianza kubadilika wapi. Kwa kiwanda cha dawa ni sawa. Kwa chuo, fedha hiyo inanunua visanduku kadhaa vya mezani na kemikali za kusawazishia za miaka.

Na bomba la Thiele? Lisidharauliwe. Halihitaji umeme, na mwanafunzi anaona kila kitu. Ila mafuta yake yana mipaka: mafuta ya kula ya jikoni yanakuwa meusi na kunata baada ya matumizi machache, gliserini inavuta maji na ikizidi moto inatoa mvuke unaochoma macho, ya silikoni yanafika 250 lakini ni ghali. Tone moja la maji kwenye mafuta ya nyuzi 150 linarusha mafuta mezani. Vipimajoto vya spiriti nyekundu vingi vinaishia 110, na cha zebaki kinahitaji hesabu ya shina lililo nje ya mafuta: zidisha 0.00016 kwa idadi ya nyuzi zilizo nje, kisha kwa tofauti ya joto lililosomwa na joto la shina. Ukisoma 200, nyuzi 150 zikiwa nje na shina likiwa na joto la 40, unaongeza karibu nyuzi 4. Wachache wanaifanya hesabu hiyo. Na bomba lenyewe likitumwa kwa basi kutoka Dar, lifungwe kwa nguo za kutosha.

Nani asinunue

Anayeshughulika na magadi. Magadi ya Ziwa Natron hayayeyuki kwenye kifaa chochote cha nyuzi 300. Yanatoa maji na kabonidayoksaidi na kubaki kabonati ya sodiamu, ambayo inayeyuka kwenye 851. Kwenye lenzi utaona vitone vya maji juu ya kioo, basi. Kipimo chake ni uzito: pima gramu 5.00 kwenye krusibo kavu, pasha nyuzi 200 au zaidi, poza ndani ya desiketa, pima, rudia mpaka uzito usibadilike. Trona safi (madini yenyewe ya magadi) inabaki gramu 3.52, bikaboneti safi gramu 3.15. Ukibaki na 4, kuna chumvi ya kawaida au udongo mwingi ndani yake, au oveni yako haifiki inakodai. Mizani inayosoma 0.01, krusibo mbili na koleo ndefu ndivyo vya kuombea profoma, na uhakikishe VAT ya asilimia 18 imeshaingizwa kwenye bei unayoambiwa.